Besi ya Kidole Gumba

Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California. Mwaka 1951 alianza kuuza gitaa la besi la umeme: nyuzi nne nene, shingo ndefu, mwili wa ubao usio na tundu. Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ya kawaida kabisa. Wapiga besi wa siku zile walizunguka na dude la mbao lililowapita kimo, halienei ndani ya gari, na likifika ukumbini linamezwa na ngoma na tarumbeta. Fender akawapa kitu cha kuning'iniza begani. Chombo hicho, ambacho leo kinahesabiwa kuwa uti wa mgongo wa bendi, ni kichanga kuliko baadhi ya wazee wanaouza vitunguu na viazi sokoni Kapsokwony. Kilipopanda miteremko ya Mlima Elgon kilikuta kazi yake imekwisha kufanywa na wengine kwa miaka mingi.

Wapenzi wa roki wana orodha yao ya bendi zilizothubutu kupiga bila besi. Watakutajia The Doors, ambao Ray Manzarek wao jukwaani aliitoa besi kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda kidogo huku wa kulia ukiendelea na ogani. Watakutajia Sleater-Kinney, waliokuwa wanawake watatu wa Olympia katika jimbo la Washington, magitaa mawili na ngoma. Watakutajia The White Stripes wa Detroit, Jack na Meg White, gitaa moja na ngoma basi, waliodumu tangu 1997 hadi 2011. Atatajwa na Prince, aliyeifuta besi katika wimbo wake When Doves Cry wa mwaka 1984, na wimbo ukapanda hadi nafasi ya kwanza Marekani. Visa hivi husimuliwa kama ushujaa, kana kwamba mtu amevuka mto wenye mamba. Lakini msimulie mzee wa Bungoma aliyekulia kwenye muziki wa magitaa, naye atakuuliza ushujaa wenyewe uko wapi.

Tuanze kabla ya gitaa. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala mbele yake. Mguuni amefunga gara, njuga za chuma, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye ukingo wa chombo. Mikono inacharaza, mdomo unaimba, mguu unatoa mdundo na njuga kwa mpigo mmoja. Litungu ya Wabukusu ni ya ukoo huo huo, na ndani yake kuna nyuzi za sauti nzito zinazorudiwa-rudiwa chini ya maneno ya mwimbaji bila kuchoka. Wakipsigis wana chepkong. Ndugu zao wa lugha, Wasabaot wa Kapsokwony, Kopsiro na Cheptais, nao wana kinubi chao. Katika vyombo hivi vyote humkuti mtu wa besi hapa na mtu wa solo pale. Sauti nzito ni zamu ya uzi fulani na kidole fulani, ndani ya mtu yule yule mmoja. Hata isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, inagawa kazi kati ya ngoma tatu za ukubwa tofauti. Ile kubwa ndiyo inayobeba uzito, na hakuna anayelalamika kwamba kundi halina besi.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis na mitambo yake ya kunasa sauti. Miongoni mwa alivyonasa zimo nyimbo kadhaa zenye jina Chemirocha. Nyuma ya jina hilo alikuwapo Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Santuri zake ndizo zilizofika, pamoja na gramafoni za kukoroga kwa mkono, na watu wakamwingiza nyumbani. Maarufu zaidi kati ya rekodi zile ni ya wasichana walioongozwa na Chemutoi Ketienya, ambamo huyo Chemirocha amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Watafiti wamempenda sana huyo nusu swala, na sishangai. Mimi huvutwa zaidi na jambo ambalo halizungumzwi sana: ni kitu gani hasa watu wa Kapkatet walikuwa wakikisikia kwenye ile gramafoni? Katika santuri zake nyingi Rodgers yuko peke yake na gitaa. Anapiga uzi wa chini kwanza, kisha anachapa nyuzi zilizobaki, kisha uzi wa chini tena. Besi yake iko mkononi. Kwa mtu aliyezoea chepkong huo haukuwa muziki mgeni hata kidogo. Mwenzake wa ng'ambo alikuwa na mbao na nyuzi, anaimba huku akijipigia, sauti nzito na nyepesi zinatoka kwa mkono mmoja. Naona hilo lilisaidia kumfanya apokewe upesi, kuliko uzuri wa sauti yake. Angekuja na okestra ya watu ishirini, sidhani kama wasichana wale wangemtungia wimbo.

Gitaa lenyewe lilifika kwa njia nyingi. Reli ilikuwa imefika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yalikusanya vibarua kutoka kila upande: Wabukusu, Wasabaot, Wajaluo, Wateso, Wanandi. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza, walirudi kutoka Burma mwaka 1945 wakiwa wamesikia mengi na wengine wamebeba mengi. Halafu kukawa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyouza santuri kwa nembo ya Gallotone na kuuza pia magitaa ya bei nafuu kwa jina hilo hilo. Tanzania hadi leo wapo wanaoliita gitaa kavu, yaani lile lisilo la umeme, galatoni. Mtu aliweza kununua santuri na chombo cha kuiigia kutoka kwa mfanyabiashara mmoja.

Santuri iliyowatia wazimu vijana wengi ilitoka Katanga. Mwaka 1952 Tracey alikutana na Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, akanasa Masanga. Bosco alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene, shahada ikacheza juu, na asiyejua angeapa kwamba walikuwa watu wawili. Baadaye Bosco alikuja Nairobi, sauti yake ikasikika redioni ikitangaza dawa ya Aspro. Binamu yake Edouard Masengo naye alikuja, akafanya kazi na Peter Colmore, yule mfanyabiashara wa burudani aliyekuwa na mkono katika kila kitu cha muziki wa Nairobi siku zile. Wakatanga hawa hawakuja na bendi. Walikuja na gitaa moja moja, na wakaimba Kiswahili, lugha iliyokuwa ikieleweka kuanzia Lubumbashi hadi Kitale.

Vijana wa Magharibi walichukua mkono wa Bosco wakaufanyia ukarabati. Aliyejulikana kuliko wote ni George Mukabi, mzaliwa wa Kisa, mwimbaji wa Sengula Nakupenda. Mtindo wake unaitwa omutibo. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba gumba lake halikai mahali pamoja: linaruka uzi hadi uzi, linashuka, linapanda, wakati mwingine linajibu wimbo badala ya kuufuata. Ni besi yenye maoni yake. Pembeni kuna gitaa la pili linaloziba mapengo, na kuna mtu anayekwaruza chupa ya Fanta. Chupa za Fanta za wakati ule zilikuwa na mikunjo mwilini, nayo mikunjo hiyo ikikwaruzwa kwa kipande cha chuma inatoa mlio mkavu unaopenya kelele za ulevini. Hapo bendi imekamilika. Mukabi aliuawa mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, na hakuwa amezeeka. Mwanawe Johnstone Ouko aliendeleza mtindo wa baba.

Hapa lazima tukatize safari kidogo tuelekee Liverpool. Tarehe 6 Julai 1957, katika sherehe ya kanisa mtaani Woolton, kijana wa miaka 16 aitwaye John Lennon alipanda jukwaani na kundi lake la The Quarrymen. Gitaa alilolishika lilikuwa Gallotone Champion, lililotengenezwa Afrika Kusini, lile lile jina lililokuwa likishikwa na vijana kutoka Katanga hadi kwetu. Kundi lake halikuwa na gitaa la besi. Lilikuwa na sanduku la chai lililotobolewa, likapigiliwa kijiti na kufungwa uzi mmoja. Ukivuta kijiti sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Wazanzibari wanalijua sanduku hilo vizuri mno. Katika kidumbak, taarabu ya mitaani inayochezwa harusini, sanduku ndilo linalovuma chini ya fidla, vidumbak viwili, cherewa na mkwasa. Mtoto wa Liverpool na fundi wa mtaa wa Ng'ambo kule Unguja walikuwa na tatizo moja na wakafikia dawa moja, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Masanduku ya chai yalikuwepo popote pale Mwingereza alipokuwepo.

Kisa hicho hakikuishia kwenye sanduku. Paul McCartney na George Harrison walipojiunga, kundi likawa na magitaa matatu na bado halina besi, na wenye kumbi walipowauliza kulikoni wakajibiwa kwamba mdundo umo ndani ya magitaa. Mambo yalibadilika mwaka 1960, pale rafiki yao mchoraji, Stuart Sutcliffe, alipouza picha kwa pauni 65 na kushawishiwa anunue gitaa la besi aina ya Höfner. Hakujua kulipiga. Sutcliffe alipobaki Hamburg mwaka 1961, kazi ikamwangukia McCartney, ambaye hakuitaka. Kwa hiyo kundi mashuhuri kuliko yote katika historia ya roki lilipata besi kwa sababu picha iliuzwa, na likapata mpiga besi kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari. Ukiona hivyo unaacha kuwacheka watu wa omutibo kwa umaskini wa vyombo.

Turudi mlimani. Umaskini ulikuwepo, tusidanganyane, lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo mafundi redio wangeieleza vizuri kuliko sisi waandishi. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Ule wa gitaa la besi hutetemeka mara 41, yaani nusu yake. Sauti ya mitetemo 41 inahitaji spika pana inayosukuma hewa nyingi. Redio ndogo ya transista, ile ya mawe manne iliyotundikwa msumarini katika nyumba ya udongo Kapsokwony, ilikuwa na spika ya upana wa kiganja. Chini ya mitetemo 200 hivi haikuwa na la kusema. Besi ya bendi za Nairobi, iwe ile kubwa ya mbao au ya umeme iliyofuata, ilitoka studioni nzima, ikasafirishwa na mitambo ya redio ya taifa, VoK, na ikifika kwenye spika hiyo imebaki kivuli. Sikio la binadamu ni jepesi kujaza pengo. Likisikia mialiko ya juu ya sauti nzito hukisia ile nzito yenyewe. Lakini kukisia siyo kutikiswa kifuani.

Gumba la mpiga omutibo lilikuwa limesimama mahali pazuri. Wengi wao walibana nyuzi kwa kapo, mara nyingi penseli iliyofungwa kwa mpira, na hivyo hata uzi wao wa chini ukapanda juu ya mitetemo 82. Sauti hiyo ya gumba ilikuwa na mialiko mingi, kavu, yenye kucha ndani yake. Ilipita kwenye redio ndogo bila kuumia sana. Kwa hiyo msikilizaji wa mlimani, ambaye hakuwa na umeme wala ukumbi, aliisikia besi ya Mukabi waziwazi kuliko ile ya bendi kubwa yenye besi halisi. Nimewasikia watu wakisema omutibo ni muziki mwembamba. Ni mwembamba kwenye spika za sebuleni za siku hizi. Kwenye chombo ulichotengenezewa ulikuwa umeshiba.

Mfano mzuri kuliko yote wa wanamuziki waliojua pande zote mbili ni watatu wa Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Wakiwa na magitaa mawili makavu na chupa ya Fanta waliitwa Abana ba Nasery. Wakishika vyombo vya umeme, pamoja na gitaa la besi, walirekodi kama Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Watu wale wale, nyumba zile zile, majina tofauti kulingana na vyombo. Huo ni uamuzi wa watu wanaoielewa kazi yao. Hawakuona kwamba kundi la gitaa kavu ni bendi iliyokatwa mguu ikisubiri kuponywa. Waliliona kuwa ni kitu kingine, chenye jina lake. Na dunia ilipokuja kuwatafuta, haikutafuta Super Bunyore. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyo wa rekodi zao za gitaa kavu. Baadaye wakazuru Ulaya, na mwaka 1992 ikatoka Nursery Boys Go Ahead!, iliyowakutanisha na wanamuziki wa Uingereza. Kwenye majukwaa ya Ulaya, Enos Okola na chupa yake walisimama mbele ya watu waliolipa tiketi, na sijui kama kuna mpiga besi yeyote wa Bunyore aliyewahi kupata nafasi hiyo.

Lakini besi ilikuja, na ilikuja kwa kishindo. Miaka ya 1960 na 1970 benga iliteka Nyanza kisha ikaenea. Katika benga gitaa la besi haliketi nyuma. Linaruka, linakatiza, linajibizana na solo, na mwenye sikio la nyatiti atatambua mara moja kwamba zile nyuzi nzito za zamani zimepewa mwili mpya wa umeme. D. O. Misiani na Shirati Jazz walilifanya kuwa sahihi yao. Duka la Chandarana mjini Kericho likawa studio na kiwanda cha mafanikio kwa wanamuziki wa Bonde la Ufa na Magharibi, na humo ndimo Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walipoirekodi benga ya Kikalenjin iliyopendwa hadi Mlima Elgon. Kijana aliyetaka kuanzisha bendi mwaka 1975 hakuota tena chupa ya Fanta. Aliota magitaa matatu, ngoma za miguu, na maikrofoni.

Kati ya ndoto na Kapsokwony kulikuwa na amplifaya. Gitaa la besi bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Hata aliyelishika halisikii vizuri. Solo unaweza kuipigia gitaa kavu ukapata kitu, besi huwezi. Amplifaya inataka umeme, na amplifaya ya besi inataka mwingi kuliko ya solo, maana sauti nzito inakula nguvu. Penye jenereta pana mafuta ya kununua na lori la kuibebea. Kukiwa na fedha mtu angesema tatizo limeisha, na kuna wakati fedha zilikuwepo: baada ya baridi kali kuichoma kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikamiminika kwa magendo kupitia Chepkube, soko la mpakani upande wa Bungoma. Watu walitajirika kwa usiku mmoja. Hata hivyo waya wa umeme hukuweza kuununua kwa gunia la kahawa. Nyumba nyingi za mlimani zilisubiri hadi mpango wa serikali wa kufikisha stima kijijini, ulioanza mwaka 2015, yaani miaka 64 tangu Fender afungue kiwanda chake kwa chombo kile. Katika miaka hiyo yote, matanga, harusi na sherehe za tohara zilikuwa na muziki. Zilikuwa na litungu, ngoma, gitaa kavu, na bendi ya kukodi kwa aliyeweza.

Kabla hata ya stima hiyo kufika, lilitokea jambo ambalo wapiga besi hawakulitazamia. Hata palipokuwa na umeme, vyombo viliposhuka bei, kazi yao ilianza kupungua badala ya kuongezeka. Miaka ya katikati ya 1990 uchumi wa Kenya ulikuwa umebana, na wenye baa walipiga hesabu: bendi ya watu wanane inataka kulipwa, kulishwa na kurudishwa nyumbani usiku. Mtu mmoja mwenye gitaa na mashine ya ngoma anataka kulipwa peke yake. Kwa Wakikuyu jambo hilo likazaa ile inayoitwa one man guitar, na Mike Rua akawa mmoja wa majina makubwa. Usiku kucha mtu mmoja anaimba, anatania wateja, anapiga solo na ridhimu, na gumba lake linarudi kwenye nyuzi nene kama la Mukabi. Tofauti ni kwamba Mukabi alikuwa na mwenzake wa chupa. Huyu wa sasa mwenzake ni mashine.

Kitale, Kimilili na Bungoma kinanda kimefanya yale yale, na kwa wengi zaidi, kwa sababu kimeingia makanisani. Mkono wa kushoto unabonyeza kodi moja, na kinanda chenyewe kinajua besi gani iende nayo, ngoma ipi, na mahali pa kugeuza. Yule Manzarek wa The Doors alihitaji mkono mzima na miaka ya kujifunza piano ili kuchukua nafasi ya mpiga besi. Kijana wa kwaya ya Kimilili anahitaji kidole. Nasema hivi bila kumdharau kijana. Ila besi ya kinanda ina kasoro moja isiyoponyeka: haimsikilizi mwimbaji. Gumba la Mukabi lilimsikiliza, kwa sababu kichwa kilikuwa kimoja.

Na roki yenyewe? Nairobi ina bendi zake za roki na metali, zenye gitaa la besi kama kawaida ya dunia. Lakini kundi la Kenya lililosikika mbali kuliko yote katika upande huo lilikuwa la watu wawili, na halikuwa na besi. Duma walikuwa Martin Khanja kwenye sauti na Sam Karugu kwenye gitaa na kompyuta, wote wametoka katika bendi za metali za Nairobi. Walirekodi Kampala katika studio ya Nyege Nyege, na albamu yao, yenye jina la kundi, ikatoka Agosti 2020. Ni muziki mkali, wa kasi inayokimbiza akili, kelele za mashine zimepangwa juu ya kelele za koo. Wakosoaji wa Ulaya waliandika kwamba hawajawahi kusikia kitu kama hicho kutoka Afrika, jambo linaloonyesha zaidi walichokuwa wamekisikiliza awali. Sauti nzito ya Duma imepikwa kwenye kompyuta, na ukumbini ilitoka kwenye spika kubwa kwa nguvu ambayo gitaa la Fender la 1951 lisingeiota kamwe. Mtu wa sauti, mtu wa nyuzi, na kitu cha tatu kinachokwaruza: hesabu ni ile ile ya Bunyore, ijapokuwa sidhani kama Enos Okola angekaa kwenye tamasha lao zaidi ya dakika tano.

Nguvu hizo za spika siyo mali ya Kampala peke yake. Matatu inayoshuka kutoka Kapsokwony kwenda Kimilili na Bungoma inaweza kuwa na subwoofer chini ya kiti cha nyuma, inayotikisa madirisha kabla gari halijaonekana kwenye kona. Ile mitetemo 41 iliyopotelea kwenye redio za transista sasa ipo tele, bure, hata kwa asiyeitaka. Mwekee kondakta Sengula Nakupenda kwenye simu yake, atakuambia mara moja kwamba wimbo ni mzuri lakini hauna besi. Kwa subwoofer yake ni kweli: rekodi ya maikrofoni moja, gitaa lenye kapo, haina cha kuipa. Akitaka kumsikia mpiga besi wa Mukabi, asogeze sikio kwenye spika ndogo ya mlangoni, upande wa dereva.